Harambee ya Kijiji na Kazi Isiyoonekana Jukwaani

Harambee ya kijiji ni mkutano wa hadhara ambapo watu huchanga fedha, vifaa au nguvu zao kwa haja moja iliyotajwa mapema: bili ya mgonjwa hospitalini, karo ya mwanafunzi aliyeitwa chuo kikuu, paa la darasa, kisima, au tangi la maji la zahanati. Nchini Kenya mikutano hii mara nyingi huandaliwa na vikundi vidogo vya hiari. Kimoja ni chama cha akina mama wanaochangiana kwa zamu kila mwezi, kingine ni cha vijana wa bodaboda, kingine ni jumuiya ya kanisa, kamati ya msikiti au chama cha ustawi cha watu wa kijiji kimoja. Wanachama hawana mshahara, na wengi wana mashamba, maduka au madarasa yanayowasubiri. Umma huwaona siku moja tu, kati ya hema, vipaza sauti na mnada wa kuku. Sehemu kubwa ya kazi yao hufanyika wiki kadhaa kabla ya siku hiyo na miezi kadhaa baada yake, na sehemu hiyo ndiyo inayoamua kama kiasi kilichotangazwa kwa makofi kitafika juu ya kuta kikiwa mabati.

Desturi yenyewe ni ya kale kuliko noti na sarafu. Wakamba walikuwa na mwethya, Wakikuyu ngwatio, Wajaluo saga na Wagusii risaga. Jirani aliyetaka kulima shamba kubwa, kuvuna kabla ya mvua au kusimamisha nyumba aliwaita wenzake. Walifika na majembe yao, wakafanya kazi hadi jua likawa kali, kisha wakala na kunywa kwa mwenyeji. Hakuna aliyeandika kitu, lakini kila mmoja alikumbuka nani alifika kwa nani, na asiyefika kwa wenzake alijikuta peke yake zamu yake ilipowadia. Katika miji ya pwani kazi kama hiyo ilifanywa na vyama vya ngoma. Vyama vya beni vya Marini na Arinoti, vilivyoenea mwanzoni mwa karne ya 20, pamoja na vyama vya lelemama vya wanawake, vilisifika kwa mashindano ya mavazi na karamu. Hata hivyo wanachama wake walizikana, walifaana katika harusi na kuuguzana. Burudani na msaada vilikaa ndani ya chama kimoja, kama vinavyokaa katika harambee hadi sasa.

Tarehe 1 Juni 1963, Kenya ilipopata serikali ya ndani, Jomo Kenyatta aliifanya harambee kuwa mwito wa taifa, na neno hilo limeandikwa katika nembo ya nchi. Serikali mpya ilikuwa na fedha chache, na wananchi walikuwa na kiu kubwa ya elimu. Wanakijiji walijenga kuta wakitarajia kwamba serikali ingeleta walimu au dawa. Katika miaka ya 1960 na 1970 mamia ya shule za sekondari zilisimama kwa njia hiyo, pamoja na zahanati, majosho ya ng'ombe na miradi ya maji. Baadaye mchango ulivuka mipaka ya kijiji, maeneo mazima yakachangia vyuo vya ufundi. Chuo cha WECO cha Kakamega kilianzishwa mwaka 1972, na mwaka 2007 kikawa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Masinde Muliro. Katika miaka hiyo ya 1960 na 1970 wanawake wa sehemu za Kenya ya kati waliunda vikundi vilivyojulikana kuwa vya mabati. Waliweka pamoja vijipesa vyao na kuezekeana nyumba, leo ya huyu kesho ya yule, nyasi zikaondoka na maji ya mvua yakaanza kukingwa kwenye mapipa.

Ng'ambo ya mpaka, Tanzania ina vikundi vya kufa na kuzikana, vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana viitwavyo VICOBA, na kamati za harusi ambazo kwa wengi zimekuwa shule ya kwanza ya uchangishaji: huko mtu hujifunza kuandika bajeti, kugawa kadi na kufuatilia ahadi. Maarifa hayo huhamia kwenye mambo ya umma. Katika vijiji vingi vya Tanzania wananchi huchanga mchanga, mawe, matofali na nguvu kazi, wakasimamisha boma la darasa au zahanati, kisha halmashauri ikaombwa kupaua na kumalizia. Majengo yanayobaki bila paa kwa miaka yanaonyesha pia hatari ya mpango huo: mchango unaoanzisha kazi bila kuhakikisha nani ataimaliza huacha kuta zinazolowa mvua.

Nchini Kenya jambo jingine lililoiathiri harambee ni siasa. Kadiri fedha zilivyoongezeka, ndivyo wanasiasa walivyosogea. Mbunge alipimwa kwa uzito wa bahasha yake, na aliyetaka kiti alianza kampeni kwa kuezeka kanisa. Kati ya miaka ya 1970 na 1990 kulikuwa na maeneo ambako machifu walidai mchango kama kodi, na mtu alitakiwa kuonyesha stakabadhi ya harambee kabla ya kuhudumiwa. Hiari ilipotoka, jina tu ndilo lililobaki. Sheria zilifuata kwa awamu. Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma ya mwaka 2003 iliwazuia maafisa kutumia ofisi au vyeo vyao kukusanya michango. Sheria ya Uchaguzi ya mwaka 2011 iliwazuia wanaowania viti kushiriki harambee katika miezi minane kabla ya uchaguzi mkuu. Mnamo Julai 2024, baada ya maandamano ya vijana, Rais William Ruto alitangaza kwamba maafisa wa serikali na watumishi wa umma hawataruhusiwa kushiriki harambee, akaagiza mswada uandaliwe. Kwa kikundi cha kijiji maana yake ni moja: mpango uliojengwa juu ya mgeni mmoja mwenye cheo unaweza kuvunjika kwa tangazo la siku moja, ilhali mpango uliojengwa juu ya watu mia mbili wanaotoa kidogo unaendelea.

Kikundi chenyewe huanza na watu wanaojuana. Wakitaka kufungua akaunti ya benki au kutambuliwa na ofisi za serikali, hujisajili katika ofisi ya maendeleo ya jamii. Nchini Kenya usajili huo sasa unaongozwa na Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022. Huandika katiba fupi, wakachagua mwenyekiti, katibu na mweka hazina, kisha wajumbe wa kamati. Katiba nzuri ya kikundi haina haja ya maneno mazito. Inatosha ikijibu maswali machache: nani huingia na nani hutoka, viongozi hukaa muda gani, nani hutia saini ya kutoa fedha, fedha zikibaki zinakwenda wapi, na ugomvi ukizuka unapelekwa kwa nani. Swali la mwisho husahauliwa mara nyingi, na ndilo linalovunja vikundi vingi.

Ombi la msaada likifika, hatua ya kwanza ni kulipima. Kikundi makini hutuma watu wawili au watatu kumwona mwenye haja, kusoma barua ya chuo au bili ya hospitali, kuzungumza na mwalimu mkuu au muuguzi na kuleta ripoti. Ziara hiyo ina faida mbili. Inazuia ulaghai, na inamlinda mwenye haja dhidi ya minong'ono, kwa kuwa mambo yake yamethibitishwa na watu wanaoaminika. Adabu inahitajika sana hapa. Maradhi ya mtu ni siri yake, na kamati haina haja ya kutangaza jina la ugonjwa ili kuchangisha bili. Picha ya mgonjwa kitandani haisambazwi bila idhini yake au ya jamaa zake.

Hatua hiyohiyo ndiyo ya kuamua mambo ambayo baadaye hayataweza kuamuliwa kwa utulivu. Mgonjwa akifariki kabla ya harambee, je, fedha zitalipa deni la hospitali, zitagharamia mazishi au zitakwenda kwa watoto? Kikipatikana zaidi ya kiasi kilicholengwa, ziada ni ya nani? Kikipungua, nani ataamua kipi kifanywe kwanza? Majibu yakiandikwa kwenye kumbukumbu za mkutano kabla ya shilingi ya kwanza kupokelewa, hakuna atakayedai kwamba kamati imebadili nia baada ya kuona fedha.

Baada ya hapo huundwa kamati ya shughuli, ambayo si lazima iwe ya wanachama pekee. Watu wenye ujuzi huombwa waingie: mwalimu mwenye mwandiko safi, karani wa zamani wa chama cha ushirika, fundi wa umeme, mama anayejua kupikia umati, kijana anayeelewa simu na mitandao. Kazi hugawanywa kwa majina, si kwa jumla jumla. Kusema kwamba vijana watashughulikia viti ni kutompa mtu yeyote kazi hiyo. Kusema kwamba fulani atakwenda Jumanne kwa mwenye viti, akalipa malipo ya kwanza na kurudi na risiti, ni kuigawa. Chifu au naibu wake hufahamishwa, na pale sheria inapodai kibali cha kukusanya fedha hadharani, barua huandikwa mapema. Tarehe nayo huchaguliwa kwa akili. Mwanzo wa mwezi mishahara huwa imeingia. Januari ni mwezi wa karo. Msimu wa kupanda mifuko huwa mitupu, na wakati wa mavuno hata asiye na fedha huja na debe la mahindi.

Kadi za mchango ndizo uti wa mgongo wa maandalizi. Kila kadi huwa na lengo la harambee, mahali, tarehe, majina ya viongozi, na mistari ya kuandika jina la mchangaji, kiasi na saini. Kadi hupigwa mhuri na kupewa nambari, na katibu huandika kwenye daftari nani amechukua kadi ipi. Siku ya kurudisha, kila kadi hurudi, hata ile isiyo na jina hata moja. Kanuni hii huonekana kama ukaidi, lakini kadi moja iliyopotea inaweza kuendelea kuchangisha sokoni kwa miezi bila kikundi kujua. Anayejitolea kubeba kadi hujitwika mzigo wa haya pia, kwa kuwa ataingia maduka na ofisi, atakataliwa mara nyingi, na hana budi kutoka kwa upole na kushukuru hata kwa shilingi 50.

Simu imebadilisha sehemu hii ya kazi. Tangu M-Pesa ilipoanzishwa nchini Kenya mwaka 2007, aliye Nairobi, Mombasa au Doha huchanga kijijini bila kupanda gari. Mwaka 2011, wakati wa ukame mkali wa kaskazini mwa Kenya, mchango wa Kenyans for Kenya ulipita shilingi milioni 500, na sehemu yake ilitoka kwa watu wa kawaida waliotuma kidogo kidogo kwa simu. Kijijini njia hiyo hutumika kwa kiwango kidogo. Kamati hufungua kundi la WhatsApp, huweka nambari ya malipo na kila jioni huandika orodha ya waliochanga pamoja na jumla. Faida ya orodha ni kwamba kila mtu anaona hesabu ikipanda. Kasoro yake ni kwamba inaaibisha: jina lisiloonekana huulizwa, na kiasi kidogo kikiwa kando ya kikubwa humfanya mtoaji anyamaze mara nyingine. Vikundi kadhaa huorodhesha majina bila viasi, na mweka hazina hubaki na daftari kamili kwa ajili ya ukaguzi. Muhimu zaidi ni nambari ya malipo kuwa ya kikundi. Fedha za umma zikiingia katika simu ya mtu binafsi huchanganyika na fedha zake za matumizi, na hata mwaminifu hushindwa kuzitenganisha.

Siku yenyewe huanza kabla ya mapambazuko. Wapishi huwasha moto, vijana husimamisha hema na kupanga viti, fundi wa vipaza sauti hujaribu mitambo, na meza ya mapokezi huwekwa mlangoni ili kila anayeingia aandikwe jina na mchango wake. Saa iliyoandikwa kwenye kadi ni saa nne asubuhi. Kwa kawaida shughuli huanza saa sita, kwa sababu mgeni wa heshima bado yuko njiani. Kamati yenye uzoefu haisubiri. Kwaya huimba, watoto wa shule husema mashairi na kadi huanza kurudishwa, ili wazee waliotoka mbali wasikae juani bila shughuli.

Mshereheshaji ana madaraka makubwa kuliko anavyodhaniwa. Akiwacheka wanaotoa kidogo, wengi watabaki na bahasha mifukoni. Akizitaja noti na sarafu kwa heshima moja, mkono wa kila mtu utafunguka. Mnada ndio unaompa nafasi ya kuonyesha ufundi wake. Bibi aliyekuja na mayai sita au mkungu wa ndizi huwa ametoa alichonacho. Mayai yananadiwa, mnunuzi analipa mara kadhaa ya bei ya sokoni, kisha anayarudisha mezani yanadiwe tena. Kuku mmoja huweza kuuzwa mara nne na bado akabaki hai jioni. Watu hucheka, ukoo huu hushindana na ule, waliosoma pamoja huungana dhidi ya waliooana nao. Mchezo huo ndio unaogeuza zawadi ndogo kuwa fedha nyingi bila kumdhalilisha aliyeileta. Hapa nyayo za vyama vya ngoma vya pwani zinaonekana wazi: watu hutoa zaidi wanaposhindana kwa furaha.

Burudani ina mipaka yake. Katika magharibi ya Kenya na pwani, disko matanga, yaani muziki wa usiku kucha unaopigwa ili kuchangia mazishi, umepigwa marufuku na serikali mara kwa mara kwa sababu ya madhara yaliyowapata watoto, hasa wasichana. Kikundi kinachojali heshima yake humaliza shughuli mchana, huwaweka watu wazima wanaojulikana kuwaangalia watoto wanaotumbuiza, na hakiuzi pombe ili kujaza sanduku.

Fedha huhesabiwa mezani na watu watatu kwa pamoja, wakionekana na umati. Mmoja huhesabu, wa pili huhakikisha, wa tatu huandika, na wote hutia saini. Noti, malipo ya simu na ahadi huandikwa katika safu tofauti. Utaratibu huu ndio unaosahauliwa zaidi wakati wa shangwe, na madhara ya kuusahau yanaweza kuonyeshwa kwa mfano wa kubuni. Kikundi kinataka shilingi 400,000 za kuezeka madarasa mawili. Kadi zimeleta 180,000, wanachama wenyewe 60,000, walio mbali wametuma 90,000, na siku ya mkutano wageni na mnada vimeleta 110,000. Jumla inayotangazwa ni 440,000, na watu wanatawanyika wakiamini kazi imekwisha. Lakini ndani ya zile 110,000 mna ahadi za 70,000. Zilizo mkononi ni 370,000. Hema na viti vimegharimu 15,000, vipaza sauti 8,000, chakula 25,000, uchapishaji wa kadi 4,000, nauli na ada za kutuma fedha 3,000. Jumla ya gharama ni 55,000. Zinazobaki kwa madarasa ni 315,000, yaani pungufu ya lengo kwa 85,000. Hakuna aliyeiba hata senti, lakini miezi mitatu baadaye darasa la pili likiwa bado wazi, kijiji kitauliza nani amekula.

Mfano huo unaonyesha pia thamani halisi ya kujitolea. Kanisa likikopesha hema na viti, wanachama wakileta mahindi na maharagwe kutoka ghalani, na kwaya ikija na vipaza sauti vyake, karibu gharama zote za siku huondoka, na kila shilingi iliyookolewa ni sawa na iliyochangwa. Mama aliyesimama jikoni tangu alfajiri hatajwi kwenye orodha ya wachangaji, ingawa huenda ameupa mfuko faida kubwa kuliko aliyenunua kuku mnadani. Vikundi vingine vimeanza kuandika michango ya kazi na vifaa katika daftari lilelile la fedha, ikikadiriwa kwa bei ya soko. Hatua hiyo ni ya haki, kwa kuwa wanaofanya kazi hizo wengi ni wanawake, na wanaosomwa majina jukwaani wengi ni wanaume.

Kesho yake ndipo kazi ngumu inapoanza. Fedha taslimu hupelekwa benki siku ya kwanza ya kazi, na hazilazwi nyumbani kwa mweka hazina usiku hata mmoja zaidi ya ulazima, kwa usalama wa fedha na wa familia yake. Utoaji hudai saini za watu wawili kati ya watatu, wasiotoka nyumba moja. Ahadi hufuatiliwa mapema, zikiwa bado mbichi. Barua ya shukrani inayotaja kwa adabu kiasi kilichoahidiwa, ikifuatiwa na simu ya mjumbe anayemjua mhusika, huleta zaidi kuliko matangazo ya lawama. Baada ya miezi miwili au mitatu kamati hufunga hesabu ya ahadi, ikikubali kwamba nyingine hazitalipwa, ili mipango iendelee kwa fedha zilizopo.

Ununuzi una kanuni zake. Bei huulizwa katika maduka matatu, na sababu ya kuchagua duka moja huandikwa. Mabati, misumari na mbao hupokelewa na mtu asiyekuwa yule aliyevinunua, akivihesabu mbele ya mwalimu mkuu. Fundi hulipwa kwa awamu kulingana na kazi iliyokamilika. Fedha za karo au hospitali hulipwa moja kwa moja kwa chuo au hospitali, na nakala ya stakabadhi hubaki na kikundi. Taratibu hizi hazimaanishi kwamba watu hawaaminiani. Zinamlinda aliyejitolea, ambaye hana mshahara wala wakili, na ambaye jina lake jema ndilo mali kubwa aliyoiweka rehani. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na katika mambo ya mchango hupotea pamoja na sifa ya aliyeishika.

Matatizo ya kawaida ya vikundi hivi hayatokani sana na wizi mkubwa. La kwanza ni chai ya kamati. Kila kikao kina soda, kila safari ina posho, na polepole mfuko unaliwa na maandalizi. Dawa yake ni kupitisha bajeti ya maandalizi mapema na kutofautisha kurudishiwa nauli na kulipwa. La pili ni uchovu. Watu walewale sita huitwa kila mara, mpaka siku wanapoacha kupokea simu. Zamu za uongozi na mapumziko kati ya harambee moja na nyingine huwapunguzia mzigo, na vijana wakipewa nafasi ya katibu msaidizi au mweka hazina msaidizi hujifunza kazi kabla ya kukabidhiwa. La tatu ni upendeleo. Ukoo mkubwa hupata msaada haraka, mjane aliyehamia kijijini husubiri. Foleni ya maombi iliyoandikwa, yenye tarehe, humsaidia asiye na msemaji. La nne ni uchovu wa wachangaji, kwa kuwa mfuko wa kijiji si bahari. Kikundi kinachoitisha harambee kwa kila jambo hujikuta na viti vitupu, ndiyo maana vingine huweka akiba ya kila mwezi kwa dharura za maradhi na misiba, na kuitisha hadhara kwa mambo makubwa pekee.

Kwa anayejitolea, faida hazipimwi kwa fedha. Msichana aliyemaliza shule na hajapata kazi hujifunza kuandika kumbukumbu za mkutano, kuandaa bajeti na kusimama mbele ya umati. Mstaafu hupata mahali ambapo ujuzi wake bado unahitajika. Mgeni kijijini hujulikana na kuaminiwa. Kuna pia kinga ambayo haina hati: mtu aliyeonekana akibeba viti katika msiba wa wengine hahitaji kueleza mengi siku yake ya shida inapofika. Hata hivyo kinga hiyo haichukui nafasi ya bima ya afya, basari na bajeti ya serikali. Harambee huziba pengo la bili moja au paa moja. Haiwezi kulipa mishahara ya walimu mwaka hadi mwaka wala kununua dawa za zahanati kila mwezi, na kijiji kinachojua hesabu zake kina nguvu zaidi ya kudai kutoka kwa kaunti au halmashauri kile kilicho haki yake.

Shughuli hufungwa rasmi kwa mkutano wa hesabu. Wachangaji wote hualikwa, hata waliotoa kwa simu hutumiwa nakala. Mweka hazina husoma mapato kwa mafungu, gharama, ahadi zilizolipwa na zisizolipwa, manunuzi na salio la benki. Wakaguzi wawili wasio wanachama wa kamati, waliochaguliwa mwanzoni, husoma maoni yao. Maswali hujibiwa kwa stakabadhi. Ripoti hubandikwa kwenye ubao wa shule au wa ofisi ya chifu kwa mwezi mmoja, na madaftari, vipande vya kadi na stakabadhi hufungwa katika bahasha moja na kuhifadhiwa na katibu. Salio huelekezwa pale palipoandikwa katika kumbukumbu za mkutano wa kwanza. Kisha mwenyekiti huivunja kamati ya shughuli, na mtu mwingine akileta ombi jipya, kikundi huanza tena kwa kuwatuma watu wawili au watatu wakalipime.